Kubadili intaneti ya nyumbani Mbeya na Iringa: pima hapo hapo ulipo kabla hujalipa

Nafunga intaneti za nyumbani na ofisi ndogo hapa Mbeya, na kazi hunipeleka pia Tukuyu, Makambako na Iringa mjini. Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Fundi, kampuni gani ina mtandao mzuri?" Jibu langu huwaudhi wengi: sijui mpaka nifike kwako. Nyumba mbili za Uyole zenye uzio mmoja zinaweza kupata huduma tofauti kabisa, moja imeutazama mnara, nyingine imezama bondeni nyuma ya mikaratusi. Kwa milima yetu hii, ramani ya kampuni inayoonyesha mkoa mzima umepakwa rangi haikusaidii kitu. Kinachokusaidia ni vipimo vyako mwenyewe.

Hatua ya 1: Hakikisha tatizo ni kampuni kweli

Mwalimu mmoja mstaafu wa Isyesye aliniita akiwa ameshaamua kuhama. Baada ya shikamoo na chai, akanionyesha rauta. Ilikuwa ndani ya kabati la vyombo, nyuma ya televisheni, mlango wa kioo umefungwa. Nikafungua ukurasa wa rauta kwenye simu (anwani huwa imebandikwa chini ya rauta, mara nyingi ni 192.168.8.1 au 192.168.1.1) nikatafuta namba inayoitwa RSRP, yaani nguvu ya mawimbi (ikikaribia sifuri ndiyo bora). Ilisoma -111. Tukaihamishia dirisha la jikoni, ambalo liko upande wa mnara. Ikasoma -93, na spidi ikapanda kutoka Mbps 2 hadi 14. Mwalimu hakuhama, na laini ni ile ile mpaka leo.

Kwa hiyo kabla ya yote, toa rauta kabatini, ipandishe juu, iweke dirishani mbali na bati na friji, kisha pima tena. Kaa mita mbili kutoka kwenye rauta unapopima. Ukipima ukiwa chumba cha mwisho, unapima kuta zako za tofali, humpimi mtoa huduma.

Hatua ya 2: Jua unahitaji kiasi gani

Hapa usipoteze muda mwingi. Netflix wenyewe wanashauri Mbps 5 kwa picha ya Full HD (1080p) na 15 kwa picha ya 4K. Saa moja ya HD inaweza kula hadi GB 3, maana yake kifurushi cha GB 50 kinaisha kwa saa kumi na sita hivi za filamu. Familia ya watu watano ikitazama kila jioni, kifurushi cha GB hakiwatoshi, watafute huduma ya mwezi isiyo na kikomo. Mtu wa barua pepe, WhatsApp na benki mtandaoni hana sababu ya kulipia Mbps 50.

Hatua ya 3: Pima mitandao yote, siku tatu, saa tatu tofauti

Hii ndiyo kazi yenyewe, na ndiyo watu wanayoiruka.

Usinunue laini mpya kwa ajili ya kupima. Ita majirani. Hapa kwetu hakuna mtaa usio na mtu wa Vodacom, wa Airtel, wa Yas (ile iliyokuwa Tigo), wa Halotel na wa TTCL. Waombe waje na simu zao, mkae pale pale utakapoweka rauta. Zima Wi-Fi, wacha data ya laini.

Kwenye Android fungua Mipangilio, kisha Kuhusu simu, kisha hali ya SIM. Utaona nguvu ya mawimbi kwa dBm. Kwenye iPhone piga *3001#12345#*. Namba zote ni hasi, na iliyo karibu zaidi na sifuri ndiyo bora. Kwa 4G, -80 ni nzuri sana, -95 inatumika bila shida, -105 unaanza kuhangaika, na ikifika -115 achana nayo, au ujiandae kufunga antena ya nje. Ukurasa wa rauta utakuonyesha pia SINR, yaani usafi wa mawimbi. Hiyo kwa kawaida huwa juu ya sifuri, ingawa mawimbi yakiwa mabaya hushuka chini yake: 20 ni safi, 5 ni ya kubahatisha.

Kisha pima spidi, na hapa ndipo wengi wanadanganyika. Wanapima saa nne asubuhi, wanapata Mbps 30, wanalipa. Saa tatu usiku watu wote wa Mwanjelwa wamerudi nyumbani, wameegemea mnara mmoja, na ile 30 imekuwa 3. Mistari ya mawimbi kwenye simu imejaa, kwa sababu inaonyesha nguvu tu, haionyeshi foleni. Pima alfajiri, mchana, na kati ya saa mbili na saa nne usiku. Namba ya usiku ndiyo utakayoishi nayo.

Andika kwenye daftari: tarehe, saa, mtandao, dBm, kupakua, kupakia, na pingi (muda ambao ujumbe huchukua kwenda na kurudi). Kupakia msikudharau. Mtoto anayesoma kwa Zoom au kijana anayetuma video za kazi atakwama kwenye kupakia hata kama kupakua kuko juu. Pingi ikizidi milisekunde 150, mazungumzo ya video yanaanza kugongana maneno.

Hatua ya 4: Angalia kama faiba imefika mtaani

Faiba ni intaneti inayoletwa kwa waya hadi nyumbani. Ikiwepo, ichukue. Mvua ya Tukuyu haiisumbui, na jirani akiongezeka haikuporomokei jioni kama mnara. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, unaosimamiwa na TTCL, unapita mkoani Mbeya kuelekea mipaka ya Tunduma na Kasumulu, lakini mkongo kupita mjini si sawa na uzi kufika kwako. Zunguka mtaani na uangalie nguzo: unatafuta visanduku vidogo vyenye nyaya nyembamba zinazoshuka kuingia majumbani. Ukiona nyumba imeungwa, bisha hodi, ulize wanalipa nini na mara ya mwisho huduma ilikatika lini, na fundi alichukua siku ngapi kufika. Jibu hilo la mwisho lina uzito kuliko bei.

Wakija kufunga, simama nao. Ndani ya ule waya kuna uzi wa kioo, haukunjwi kwenye kona kama waya wa umeme. Taa iliyoandikwa LOS kwenye kisanduku cha faiba ikiwaka nyekundu siku yoyote, mawimbi ya mwanga hayafiki. Usihangaike kuzima na kuwasha, piga simu.

Hatua ya 5: Kama minara na faiba vyote vimekushinda

Kuna intaneti ya redio, kisahani kidogo juu ya paa kinachotazamana na kingine kwenye mlima au jengo refu. Inataka njia wazi ya macho. Panda juu ya paa: kama kuna msitu wa misindano katikati, kama maeneo mengi ya Mafinga, haitafanya kazi, na miti mifupi ya leo itakuziba baada ya miaka michache.

Kuhusu setilaiti, watu wa Tunduma na Kyela wananiuliza sana, kwa kuwa Starlink ilianza Zambia na Malawi mwaka 2023 na wanaiona ng'ambo. Setilaiti zake ziko chini ya kilomita 600 juu, za zamani ziko karibu kilomita 36,000, ndiyo maana za zamani zinachelewa zaidi ya nusu sekunde. Ni teknolojia nzuri kwa mtu wa bondeni Makete. Lakini tafadhali usivushe kisahani mpakani kabla hujafika ofisi ya TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania) ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini, hapa Mbeya, uulize kuhusu kibali. Hela yako ni ya jasho.

Hatua ya 6: Uliza haya kabla ya kutoa pesa

Rauta inakuwa yangu au naazimwa? Imefungwa kwa laini yenu tu? "Bila kikomo" ina kiwango cha matumizi ambacho nikikivuka spidi inashushwa, na inashuka hadi ngapi? Nikihamia Forest Mpya, huduma inanifuata? Nikiacha, natoa taarifa siku ngapi kabla? Taka majibu kwa maandishi, hata kwa SMS. Kuna mteja wangu aliahidiwa kwa mdomo kwamba rauta ni ya bure. Alipoacha huduma akadaiwa bei ya rauta nzima, na hakuwa na karatasi ya kuonyesha. Ukigombana na mtoa huduma, malalamiko huanzia kwake, yakishindikana ndipo unaenda TCRA, na hapo daftari lako na zile SMS ndivyo vitakusemea.

Hatua ya 7: Hama taratibu

Weka huduma zote mbili kwa wiki mbili. Inauma mfukoni, lakini ni nafuu kuliko kurudi nyuma. Kama kipato chako kinategemea mtandao, baki na laini ya akiba ya kampuni nyingine, ukijua kwamba hata mbili zinaweza kuanguka pamoja. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilikatika, na intaneti ikadorora nchi nzima bila kujali laini.

Mwisho ni umeme. Nunua betri ndogo ya rauta, soma kwanza chini ya rauta kama inataka volti 9 au 12, ukikosea unaiunguza. Na masika, radi zikianza kunguruma, chomoa kila kitu ukutani, pamoja na waya wa antena ya nje unaoingia ndani.