Jirani ameomba kibali cha kujenga England? Peleka hoja, sio manung'uniko

Ile karatasi ya kutangaza ombi la kujenga ikibandikwa tu kwenye nguzo ya taa, mtaa mzima unaanza kukusanya saini. Sawa, ila halmashauri haihesabu vichwa, saini mia mbili zenye hoja moja ni hoja moja tu.

Chukua namba ya ombi iliyopo kwenye karatasi, ingia tovuti ya halmashauri, michoro yote iko pale. Kawaida unapewa siku 21 za kutoa maoni. Angalia michoro kwanza jamani, pengine hilo "ghorofa" mnalolipigia kelele ni chumba kimoja cha nyuma.

Kwenye kuandika ndo wengi wanaharibu. Nyumba yako kushuka bei, kukosa mandhari nzuri dirishani, hayo hayahesabiki kabisa, na ukianza kusema jirani ni mtu wa hovyo ndo umejimaliza, tena maoni yanawekwa wazi mwenyewe atayasoma. Yanayohesabika ni mwanga, faragha, kelele, magari, mafuriko na kadhalika. Badala ya "jengo kubwa mno" andika "dirisha la juu upande wa bustani yangu linachungulia moja kwa moja chumba cha watoto, naomba liwe la kioo cha ukungu", hiyo afisa mipango wa halmashauri anaweza kuigeuza kuwa sharti la kibali.

Afisa mipango analinganisha ombi na mpango wa eneo uliopitishwa na halmashauri, na kisheria mpango huo ndo unaongoza mpaka kuwe na sababu nzito ya kwenda kinyume. Maombi mengi anayamaliza afisa mwenyewe, madiwani wala hawayaoni. Ukitaka ombi liende kwenye kamati ya madiwani mtafute diwani wako mapema aombe, usisubiri wiki ya mwisho, maana muda wa kuamua ni wiki 8, au 13 kwa miradi mikubwa kama ya nyumba 10 na kuendelea. Kwenye kamati ukipewa nafasi ya kuongea ni dakika chache tu, nenda na hoja mbili.

Na kitu kinachouma: mwombaji akinyimwa anakata rufaa, anapangiwa mkaguzi kutoka nje ya halmashauri, ila wewe jirani ukishindwa huna rufaa. Inabaki Mahakama Kuu tu, ndani ya wiki 6, na huko wanaangalia kama sheria ilifuatwa, ubaya wa jengo hauwahusu.