Nani akimbie kipande cha kwanza cha Hood to Coast?
Klabu inayojiandaa kwa Hood to Coast, mbio za kupokezana za jimbo la Oregon, Marekani, zinazoanzia Mlima Hood na kuishia ufukweni Seaside baada ya takriban kilomita 320, isimpe mtu kipande cha kwanza kwa sababu ya kasi yake tu. Kipande hicho ni mteremko mkali unaoumiza misuli ya mapaja, na katika timu ya watu 12 kila mmoja hukimbia mara tatu, hivyo atakayeumia mapema ataidhoofisha timu usiku kucha. Apewe aliyezoea kushuka milima kwa hatua fupi. Kila mkimbiaji pia abebe nguo kavu za kila zamu, na ale mara tu anapomaliza kukimbia, kabla hajalala garini.