SOMO: Kufungua programu za madirisha zilizoko kwenye seva ya mbali kwa SSH

Wadau, SSH (njia salama ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali kupitia mtandao) haiishii kwenye maandishi meupe juu ya skrini nyeusi. Inaweza kukuletea dirisha la programu mezani kwako huku kazi yote ikifanyika kwenye seva. Shika hili kwanza, maana ndilo linalowachanganya wengi: seva ya X, yaani mchoraji wa madirisha, iko kwenye kompyuta YAKO. Programu ya kule mbali ndiyo mteja.

1. Kule mbali (Ubuntu au Debian) weka xauth, inayotunza ufunguo wa kuruhusu madirisha, na x11-apps, programu ndogo za kupimia:
sudo apt install xauth x11-apps

2. Kwenye /etc/ssh/sshd_config pawe na mstari X11Forwarding yes usiotanguliwa na #. Halafu:
sudo systemctl restart ssh

3. Kwako: Linux yenye desktopu kwa kawaida iko tayari. Mac weka XQuartz, ambayo ni seva ya X. Windows weka VcXsrv, nayo ni seva ya X, iwashe, kisha kwenye PuTTY (programu ya SSH) nenda Connection > SSH > X11 utie tiki.

4. Ingia na upime:
ssh -X jina@anwani
echo $DISPLAY

Amri ya pili inaonyesha DISPLAY, yaani anwani ya skrini ambako madirisha yatachorwa. Ikitoka localhost:10.0 au namba ya karibu na hiyo, andika xclock & na saa itatokea. Ikiwa tupu, rudi hatua ya 2. Tafadhali usijaze DISPLAY kwa mkono ukaweka IP ya kompyuta yako, hata kama umeona mtu anashauri hivyo. Data itapita nje ya SSH, bila kufichwa, na usalama wote umeutupa.

MASWALI

— Mkuu, -X na -Y zinatofautianaje?
-Y inaiamini programu ya mbali moja kwa moja: inaweza hata kusoma unachoandika kwenye madirisha mengine, nywila zikiwemo. -X inaibana. Ila kama unatokea Debian au Ubuntu, -X nayo huamini vilevile, kwa hiyo ongeza -o ForwardX11Trusted=no. Kwenye seva usiyoijua, usiwashe kabisa.

— Mbona nikitumia sudo inasema "cannot open display"?
Ufunguo wa xauth uko kwenye ~/.Xauthority yako, root (mtumiaji mkuu, ambaye sudo hukugeuza kuwa yeye) hana. Kama ni kuhariri faili tu, tumia sudoedit.

— Firefox inajikokota mno kwa bando la simu.
Jaribu -C, inabana data. Lakini tatizo kubwa ni programu ya mbali kuulizana na seva ya X iliyoko kwako kila mara, na kila swali linasubiri jibu. Weka xpra, programu inayoyashika madirisha kule mbali na kukuletea picha yake, pande zote mbili:
xpra start ssh://jina@anwani --start=firefox
Mtandao ukikatika programu haifi, unaunganisha tena kwa xpra attach.