Somo: Mlango wa vioo wa kuteleza huchaguliwa chini, kwenye reli

Asalam aleikum ndugu zangu. Wiki hii watu wanne wameniuliza habari ya milango ya vioo ya kuteleza, ile ya kutoka sebuleni kwenda barazani, na wote wameanza na swali moja: kioo cha rangi gani? Naandika somo hili kwa sababu swali hilo ndilo la mwisho. Mimi ni fundi wa alumini hapa Mombasa, na katika milango niliyoitwa kuitengeneza, michache mno ilikuwa na shida ya kioo. Iliyobaki yote iliharibikia chini, kwenye reli, magurudumu na kizingiti, pahali ambapo mwenye nyumba hakupatazama hata mara moja alipokuwa dukani.

Kuna mlango mmoja wa Shanzu, nyumba ya safu ya pili kutoka baharini, ambao sijausahau. Mama mwenye nyumba alikuwa akiusukuma kwa bega. Nilipoinyanyua paneli na kuilaza juu ya mkeka, niliona gurudumu moja limelika upande hadi likawa bapa, kwa sababu lilikuwa halizunguki tena, linaburutwa tu. Skrubu iliyolishika ilikuwa imevimba kwa kutu, na alumini iliyoizunguka imetoa unga mweupe kama chokaa. Nilipoigusa kwa bisibisi ikabanduka. Mlango ule ulikuwa na miaka mitatu, na kioo chake kilikuwa kizima kinang'aa.

Hatua ya 1: Simama pale mlango utakapokaa

Angalia upepo unatoka wapi. Nyumba inayotazama bahari, iwe Nyali, Bamburi, Shanzu au ng'ambo ya Likoni, hupigwa na kusi usoni, na masika ya Aprili na Mei huja na upepo huo huo. Mvua ile haishuki wima, huja ubavu. Mlango wa upande huo unataka fremu nzito, manyoya na mipira ya kuziba pande zote, na reli ya chini yenye ukuta wa ndani ulioinuka, ili maji yakisukumwa na upepo yasiruke kuingia sebuleni.

Mlango unaotazama magharibi una shida nyingine, jua la alasiri linaloingia likiwa chini na kufika hadi kwenye makochi. Hapo kioo cha rangi kinasaidia, lakini mwembe au pazia la mianzi lililotundikwa nje husaidia zaidi, kwani hulikamata jua kabla halijagusa kioo. Kioo cheusi chenyewe hunyonya joto, na ukikaa karibu nacho saa kumi jioni utalihisi.

Hatua ya 2: Amua unataka upepo kiasi gani

Hili watu hawaelezwi dukani. Mlango wa paneli mbili, hata uwe mpana namna gani, hufunguka nusu kasoro kidogo, maana paneli moja hujificha nyuma ya mwenzake. Nafasi ya mita 3 itakupa uwazi usiofika mita moja na nusu. Paneli tatu juu ya reli tatu zitakupa karibu thuluthi mbili. Huku kwetu ambako upepo ndio feni ya bure, mimi huwashauri watu waliopata nafasi pana wachukue reli tatu. Na kama utataka wavu wa mbu, useme sasa hivi. Wavu unahitaji reli yake, na kuiongeza baadaye ni kubomoa.

Upimaji ni rahisi ila usiuruke. Upana upimwe mara tatu, juu, kati na chini, na urefu vivyo hivyo, kisha ushike kipimo kidogo kuliko vyote na kupunguza milimita 10 za kupumulia. Pima pia kutoka pembe hadi pembe, njia zote mbili. Vikitofautiana, ukuta umekwenda kombo, na fundi wa plasta arudi kwanza.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya uzito

Kioo kina uzito wa kilo 2.5 kwa kila milimita moja ya unene katika mita mraba moja. Kwa hiyo kioo cha milimita 6 ni kilo 15 kwa mita mraba. Chukua paneli ya mita 1.5 kwa mita 2.4: hiyo ni mita mraba 3.6, yaani kilo 54 za kioo peke yake, kabla hujaongeza alumini. Ukienda milimita 8, ni kilo 72. Mzigo wote huo umekalia magurudumu mawili.

Basi mwambie fundi akutolee gurudumu lenyewe, ulishike mkononi. Muulize linabeba kilo ngapi. Lizungushe kwa kidole: lizunguke kimya, bila kuyumba. Tazama kama limefungwa beringi au limechomekwa pini tupu. Gurudumu la nailoni nzuri, lililokaa ndani ya kishikio cha chuma cha pua, linafaa sana kwa pwani. Gurudumu la chuma cha kawaida lililopakwa zinki linapendeza siku ya kwanza, lakini hewa ya chumvi hulila. Halafu uliza kama linaweza kubadilishwa bila kuvunja paneli, na kama lina skrubu ya kulipandisha na kulishusha. Fundi asiyeweza kukujibu hayo hajawahi kurudi kutengeneza alichokifunga.

Hatua ya 4: Alumini na skrubu zake

Alumini haishiki kutu nyekundu, na hilo ndilo linalotudanganya. Chumvi huitoboa vitundu vidogo vidogo na kuitoa unga mweupe. Kinga yake ni ngozi ya juu. Kama imeanodaiziwa, yaani ngozi yake imekomazwa kwa umeme, karibu na bahari omba unene wa maikroni 25 (maikroni elfu moja ni milimita moja). Kama ni rangi ya poda, ile inayopulizwa ikiwa unga kisha ikaokwa, isipungue maikroni 60, na uangalie pale ilipokatwa na kutobolewa, maana ndipo chumvi inapoingilia.

Skrubu ndizo adui wa ndani. Chuma cha kawaida kikigusana na alumini kwenye maji ya chumvi, hugeuka kama betri ndogo, na alumini ndiyo huliwa. Taka chuma cha pua cha daraja la 316, ambacho kina molibdenamu ndani yake na hustahimili chumvi kuliko daraja la 304, lililozoeleka zaidi. Bolti zake mara nyingi hupigwa alama ya A4 kichwani. Mimi hutembea na sumaku ndogo mfukoni. Skrubu ikiirukia sumaku kwa nguvu, kwa kawaida ni chuma kilichopakwa, irudishwe. Sumaku haitakutofautishia 316 na 304 lakini, hapo utategemea alama na uaminifu wa muuzaji.

Hatua ya 5: Kizingiti na maji

Ukisahau mengine yote, shika hili. Maji yataingia kwenye reli ya chini. Hakuna mlango wa kuteleza usioingia maji relini, na ulioundwa vizuri umetengenezewa vitundu upande wa nje ili maji yatoke. Sasa angalia kinachofanyika: fundi wa alumini anamaliza, anakuja fundi wa vigae, anaona vile vitundu, anadhani ni kasoro, anaviziba kwa simenti nyeupe. Au sakafu ya baraza inapandishwa ilingane na ya sebuleni, kwa sababu mwenye nyumba ameona picha na kupenda sakafu moja iliyonyooka. Mvua ya Mei ikija, reli inajaa kama mfereji ulioziba na zulia la sebuleni linaelea.

Baraza iwe chini ya sakafu ya ndani. Mimi sikubali chini ya sentimita 5, na iinamie nje sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita. Fremu ya chini ilazwe kwa pimamaji, isibonyee katikati. Na kabla hujalipa salio, chukua kopo la maji, uyamwage relini polepole, kisha uchuchumae nje utazame. Maji yatoke yote kwa vitundu ndani ya muda mfupi. Yakituama, fundi hajamaliza kazi.

Silikoni ya kuzibia mianya nayo ina harufu ya kukwambia. Ikinuka siki, ina asidi, na asidi hiyo hula chuma. Omba ile isiyo na asidi.

Hatua ya 6: Kioo

Kioo cha mlango kiwe cha usalama, hakuna mjadala. Kile cha tempa huchomwa moto kupita nyuzi 600 kisha kupozwa ghafla kwa hewa, na kikivunjika humwagika punje punje badala ya visu. Hakikatiki tena baada ya hapo, kwa hiyo vipimo viwe sawa kabla ya kuagiza. Cha lamineti ni vioo viwili vyenye utando katikati, na kikipasuka vipande hubaki vimeshikana. Tazama alama iliyochapwa pembeni, kwa mfano EN 12150, kiwango cha Ulaya, kwa tempa. Kioo kisicho na alama, mimi hukihesabu ni cha kawaida. Rangi sasa chagua uipendayo.

Hatua ya 7: Kitasa

Kitasa kiwe cha ndoana, kinachouma fremu, si ulimi ulionyooka. Na juu ya paneli, ndani ya reli ya juu, pawekwe kizuizi ili mwizi asiweze kuinyanyua paneli na kuitoa kutoka nje. Ijaribu mwenyewe: funga, toka nje, shika paneli uinyanyue. Ikipanda kiasi cha kutoka relini, huna mlango.

Haya yote yaandikwe kwenye karatasi ya bei: unene wa kioo, aina ya magurudumu, daraja la skrubu, unene wa rangi. Karatasi iliyoandikwa "mlango wa alumini na kioo" peke yake haikulindi.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama wa Bamburi: Fundi, shukran. Wangu una miaka sita na umekuwa mzito, mpaka niite kijana wa jirani anisaidie. Nimeambiwa nitoe wote ninunue mpya. Kweli?

Jibu: Shikamoo mama. Usitoe bado. Kwanza reli ifagiliwe kwa brashi, mchanga utoke wote, kisha ioshwe. Halafu tafuta skrubu ndogo ubavuni mwa paneli, chini kabisa, na uipandishe paneli kidogo. Ikibaki nzito, watu wawili wainyanyue na kuilaza, magurudumu yabadilishwe. Utaingia gharama ya mlango mzima pale tu reli yenyewe imelika au pembe za fremu zimeachana. Na tafadhali asikutilie grisi. Grisi ikishika mchanga inakuwa msasa. Silikoni ya kupuliza inatosha.

Mkazi wa Tudor: Nipo ghorofa ya tatu, roshani ndogo, watoto wawili wanakimbia kutwa. Tempa au lamineti?

Jibu: Ghorofani mimi nachagua lamineti, na bora kila kioo ndani yake kiwe cha tempa kama mfuko unaruhusu. Tempa ikivunjika humwagika yote na nafasi inabaki wazi. Lamineti hubaki pale pale hadi fundi afike. Bandika pia vibandiko kwenye kioo, usawa wa macho ya mtoto. Kioo kisafi hakionekani na mtoto anayekimbia.

Kijana wa Kongowea: Nyumbani tunaosha milango kwa maji ya kisima kila Jumamosi na bado inapiga unga mweupe. Sabuni gani nitumie?

Jibu: Sabuni si tatizo, ndugu yangu. Visima vingi vya huku vina chumvi, kwa hiyo unaiongezea badala ya kuiondoa. Tumia maji matamu ya mfereji, au maji ya mvua uliyoyakinga, na sabuni laini ya vyombo. Kitambaa kiwe laini, usitumie sufu ya chuma.

Fundi wa Likoni: Mwenzangu, hiyo silikoni ya siki nimeitumia miaka mingi na wateja hawajalalamika. Unawatisha watu.

Jibu: Karibu fundi mwenzangu. Kwenye kioo na vigae hata mimi naitumia, inashika vizuri. Ninapoikataa ni pale inapogusa alumini iliyokatwa, skrubu na simenti, karibu na bahari. Tofauti ya bei ni ndogo ukilinganisha na kurudi kufungua kazi. Kama una mlango wa safu ya kwanza uliofunga hivyo na umekaa miaka, nitafurahi kuja kuuona, kweli kabisa.

Dada wa Nyali: Na fremu za plastiki ngumu, za yupivisi? Haziliwi na chumvi.

Jibu: Ni kweli haziliwi, na ni chaguo zuri kwa safu ya kwanza. Lakini paneli kubwa inahitaji chuma ndani ya plastiki kuipa nguvu, kwa hiyo uliza kama chuma hicho kimewekwa ndani na kimekingwaje. Chukua nyeupe, maana rangi nzito hushika joto la jua na fremu inaweza kujipinda. Magurudumu na skrubu ni yale yale, na masharti yake ni yale yale.

Mjenzi wa Mtwapa: Plasta imekwisha, vigae havijawekwa. Nimwite fundi wa mlango sasa au nisubiri?

Jibu: Mwite sasa apime, na fundi wa vigae awepo siku hiyo hiyo. Waweke alama moja ukutani ya usawa wa sakafu ya ndani ikimalizika, na alama nyingine ya baraza, wakubaliane mbele yako. Fremu iingie, vitundu vya maji vifunikwe kwa utepe wa karatasi ili simenti isiingie, kisha vigae viwekwe, na utepe uutoe wewe mwenyewe. Nitumie picha ya hizo alama mbili kabla hawajaanza, nikuangalizie.