Namna ya kukagua nyumba ya matofali iliyokarabatiwa pwani, kabla hujalipa

Tuseme nyumba iko Tanga mjini, vyumba vitatu, inanukia rangi mpya. Ukiingia, vigae na dari viache kwanza. Chuchumaa utazame chini ya ukuta, maana chumvi ndiyo hula nyumba za pwani. Tofali lililofyatuliwa kwa mchanga wa ufukweni, au msingi uliojengewa bila kutandikwa nailoni wala lami, huvuta unyevu hadi usawa wa goti, pengine kiuno. Maji yakikauka, chumvi hubaki ndani ya plasta, hutanuka, na kuibandua.

Gonga ukuta kwa ufunguo kila baada ya hatua moja. Plasta iliyoshika hutoa mlio mfupi, mkavu. Iliyobanduka hulia kama debe tupu. Pitia nyuma ya kabati na ndani ya stoo, ambako fundi rangi hulipua kazi, usugue kwa kidole uone kama kinatoka na unga mweupe. Ukiwa na shaka, bandika kipande cha nailoni cha sentimita 50 kwa 50, zungushia gundi pande zote, ukiache siku mbili. Matone yakiwa upande wa ndani, unyevu unatoka ukutani. Yakiwa upande wa nje, ni mvuke wa hewa ya chumbani tu, kufungua dirisha kutatosha.

Jihadhari na rangi ya mafuta iliyopakwa mita moja ya chini. Inapendeza na kufutika, lakini huziba unyevu usitoke, nao hupanda juu zaidi. Tiba ya kweli ni kubomoa plasta hadi kwenye tofali, kuacha ukuta ukauke wiki kadhaa, kisha kupiga plasta mpya kwa mchanga wa mto, ndoo nne kwa moja ya saruji. Na kama msingi hauna kizuizi cha unyevu, hata hiyo itabanduka tena. Gharama hiyo iingize kwenye bei mnayojadiliana.

Inua macho kwenye lenta, yaani boriti ya zege juu ya milango na madirisha, na slabu ya baraza. Ufa ulionyooka sambamba na nondo, wenye doa la kahawia, maana yake nondo zinaliwa na kutu, na kutu hujaa kuliko chuma kilichokuwepo, hivyo hupasua zege. Ukiona umezibwa kwa saruji tu, utafunguka tena.

Panda darini na tochi. Chokoa mbao za kenchi kwa bisibisi. Ikizama kirahisi, mchwa au uozo umeshaingia. Bati la geji 30 ni jembamba kuliko la 28, na kutu huanzia kwenye misumari na maungio.

Nyumba iliyo karibu na bahari irudie siku ya bamvu, yaani bahari inapojaa kupita kawaida, maji yakijaa, mida ya saa kumi jioni. Fungua mfuniko wa shimo la choo: maji yake yakipanda pamoja na bahari, utakuwa unaita gari la majitaka mara kwa mara.

Kwenye karatasi, fanya upekuzi wa hati kwa Msajili wa Hati na udai ridhaa ya maandishi ya mwenza wa muuzaji, kwani Sheria ya Ndoa ya 1971 inamlinda. Pima pia umbali kutoka ufukweni: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60, na chumba kilichoongezwa wakati wa ukarabati huweza kuangukia humo. Dai kibali chake cha ujenzi.