Jina Murgatroyd: namna ya kulifuata mpaka shamba lilikotoka

Mpwa wangu ameolewa na Mwingereza wa ukoo wa Murgatroyd. Juzi watoto wao wakaniuliza, babu, hili jina la baba maana yake nini? Sikutaka kuwajibu kwa kubahatisha. Nikakaa na kompyuta nikalifuata, njia ndo hii.

Hatua ya 1: Livunje jina. Ni maneno matatu yaliyobanana: moor, gate, royd. Moor ni nyika ya milimani. Royd, kwa watu wa Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, ni pale walipofyeka msitu wakalima, ndo maana kuna akina Ackroyd na Holroyd pia. Sasa gate usiseme ni lango! Kule kaskazini ni neno la Waskandinavia, maana yake njia. Yaani shamba la kwenye njia ya nyikani.

Hatua ya 2: Tafuta kijiji. Ni Warley, jirani na Halifax, na konstebo wa pale mwaka 1371 alikuwa John wa jina hilihili.

Hatua ya 3: Anza na walio hai, rudi nyuma. Tovuti ya FreeBMD ni bure, ina vizazi, ndoa na vifo kuanzia Julai 1837. Mimi siiamini kabisa ile miti ya ukoo watu wanayopandisha mtandaoni, mmoja akikosea wote wananakili kosa.

Hatua ya 4: Vitabu vya kanisa, vilianza 1538. Hapa tulia, manake hapa ndo nilikesha. Nilikuta ndoa ya Mei 1698, afu ubatizo wa mtoto wa kwanza wa walewale Februari 1698, nikasema haiwezekani, mtoto katangulia harusi, nikaanza kutafuta baba mwingine wa jina hilohilo, saa zikapita mpaka adhana ya alfajiri. Kumbe zamani mwaka wa Uingereza ulianza tarehe 25 Machi! Februari ile ilikuja baada ya Mei ile, kwa hesabu yetu ni Februari 1699. Mambo yaliendelea hivyo mpaka 1752 walipohamishia mwaka mpya Januari 1. Kwa hiyo tarehe yoyote ya kabla ya hapo, kati ya Januari 1 na Machi 24, iandike kwa miaka yote miwili, 1698/9. Ila angalia, aliyenakili kwenye mtandao anaweza kuwa kashaisahihisha, ukiongeza mwaka tena umeharibu, we fungua picha ya ukurasa wenyewe uone mwezi uliotangulia ni upi. Na makarani waliandika walivyosikia, Murgitroyd, Morgatroyd, kwa hiyo kwenye FreeREG, tovuti ya bure ya vitabu vya kanisa vilivyonakiliwa, tafuta kwa nyota, inayosimama badala ya herufi usizo na uhakika nazo: M*rg*tr*d.

Hatua ya 5: Ukifika Yorkshire pita East Riddlesden Hall, Keighley. James Murgatroyd, tajiri wa nguo za sufu kutoka Halifax, aliinunua karne ya 17 akaijenga upya kwa mawe, na bado imesimama. Watoto nishawaahidi.