Kabla ya Kurudi Dar kwa Kusi: Hesabu ya Mwendo wa Chombo

Mwendo ulioandikwa kwenye karatasi za chombo ni wa bahari shwari. Usiupangie safari ya Julai, msimu wa kusi, upepo wa kutoka kusini.

Sugua mwani na chaza chini ya chombo kabla ya kung'oa nanga. Kama huna shehena, tia farumi (uzito wa kukituliza chombo) ya kutosha, la sivyo kila omo, yaani mbele ya chombo, ikizama propela inatoka majini na injini inazunguka bure.

Soma utabiri, tena wa njia nzima, si wa bandari unayotoka tu. Kasi ya upepo ikitajwa kwa kilomita kwa saa, gawa kwa 1.85 upate noti, yaani maili za bahari kwa saa. Kisha uliza upepo unatoka wapi. Chombo cha noti 9 kikiukabili upepo wa noti 20 kinapigwa na upepo wa noti 29, na nguvu yake ya kukizuia ni kama mara kumi ya ile ya siku isiyo na upepo. Mawimbi yanakula mwendo zaidi: yakipanda kutoka mita 1 hadi 2, kizuizi chake kinakaribia mara nne. Yanayoumiza kuliko yote ni yale ambayo nafasi kati ya wimbi na wimbi inakaribia urefu wa chombo chenyewe. Kwa hiyo usiazime hesabu za meli ya makontena ya mita 200. Wimbi lisilomtikisa huyo linakupigisha wewe omo chini mpaka nahodha apunguze moto wa injini mwenyewe. Kwa chombo kidogo cha noti 9 na mawimbi ya mita 2 ya omo, mimi huanza kwa kutoa noti 2.

Sasa mkondo, na hapa nisikilize vizuri. Kwenye pwani ya Tanzania mkondo unakwenda kaskazini mwaka mzima. Wakati wa kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, unapungua, kusi ikikomaa unaweza kufika noti 4. Nilikuwemo kwenye chombo kilichotoka Dar kwenda Mombasa katikati ya kusi. Upepo wa tezi, yaani wa nyuma, mkondo unasukuma, GPS inasoma noti 11 na ushei. Maili za bahari kama 170 zikaisha kwa saa 15 hivi, kila mtu anasifu injini. Tajiri, mwenye chombo, akachukua saa hizo hizo, akaongeza kidogo, akanunua mafuta ya kurudi kwa hesabu hiyo. Hakuna aliyemwambia kuwa GPS inasoma mwendo juu ya ardhi, na kwamba ndani yake mlikuwa na noti mbili na nusu za mkondo ambazo hazikuwa zetu. Kurudi, toa noti 2 za mawimbi kwenye 9, kisha toa mbili na nusu za mkondo: zinabaki nne na nusu. Njia ile ile, saa 38. Usiku nahodha akaongeza moto kufidia, na kosa likawa kubwa zaidi, maana kutoka noti 7 kurudi 9 kunataka nguvu zaidi ya mara mbili, na mafuta yanafuata. Tulijikokota hadi Tanga, tangi likiwa karibu tupu na maji ya kunywa yakigawiwa kwa kikombe. Vijana wawili walikuwa wametapika hadi hawawezi kusimama. Injini ingezimika kabla ya hapo, tungekuwa ubavu kwa mawimbi, gizani.

Basi fanya hesabu mbili, ya kwenda na ya kurudi, na mafuta yanunuliwe kwa ile ndefu, na akiba juu yake.

Kaskazi nayo isikudanganye. Upepo unapokutana uso kwa uso na mkondo, mawimbi yanakuwa mafupi na yenye kusimama wima, hasa Mkondo wa Pemba, ule mlango wa bahari kati ya Pemba na bara. Ongeza hasara kuliko utabiri unavyokuonyesha. Angalia pia maji kujaa na kupwa: ukichelewa saa chache bandari ya maji haba utayakuta yametoka, utangoja nje. Pima mwendo kila saa, uandike. Ukishuka chini ya ulivyokadiria, amua mapema pa kujificha, wakati mafuta bado yapo. Maboya ya kuokolea yawe juu, simu iwe na chaji, na mtu wa nchi kavu apewe saa ya kufika iliyo mbaya kabisa, ajue ni lini aanze kupiga simu.